Sufuria ya Siku Isiyo na Wageni

Mpendwa Mama Akiru,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Yako sitaiuliza, maana naamini uliko hakuna njaa wala jua la Lodwar. Nitakuambia ya kwetu. Tumeshiba. Hilo ndilo neno la kwanza ninalotaka ulisikie, kwa sababu ndilo ulilokuwa ukiliuliza kabla hata hujavua viatu mlangoni: "Watoto wamekula?" Wamekula. Wamekula ugali wa mtama na lengalenga, ule mchicha wa kwenu, iliyotiwa karanga, na Irakoze ameongezewa mara ya pili, kisha akadai mwiko aulambe.

Najua unacheka, kwa sababu aliyepika ni mimi.

Barua hii ninaiandika wazi, aisome yeyote anayetaka, wakiwemo wale wanaume wenzangu hapa mtaani waliokuwa wakipita nje ya ua wetu na kuuliza kama siku hizi nimekuwa mama wa watu. Waache waulize tu. Mimi nina habari njema ya kukupa, lakini kama ulivyonizoea, siwezi kufika penye habari bila kuzunguka kwanza.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa nimetoka Lodwar kwenda Kakuma kuchomelea milango ya shule, mimi na mashine yangu na jenereta lenye kelele kushinda kwaya yenu ya Jumapili. Mchana jua lilinipiga hadi nikaanza kuona nyota. Nikaambiwa kuna Mrundi anayepika chakula karibu na soko la kambini, niende nikapumzike kivulini. Hukuwa mama wa mtu bado. Ulikuwa msichana aliyejifunga leso ya manjano kichwani, na mdomo wako haukujua kunyamaza. Niliketi kwenye benchi, nikaagiza nyama. Ukaniletea sahani ya ugali wa rangi ya udongo, maharagwe, na rundo la majani ya kijani.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Ni chakula."

"Dada, mimi si ngamia."

"Ngamia hajanilalamikia hata siku moja," ukasema, ukaenda kuwahudumia wengine.

Nilikula yote, kwanza kwa njaa, pili kwa aibu, kwa sababu watu wa benchi nzima walikuwa wakinitazama na kuzuia kicheko. Kesho yake nikarudi. Kesho kutwa nikarudi tena. Wenzangu wa kazini walidhani nimegeuka mpenda mboga, nami nikawaacha wadhani hivyo. Nilikuwa nimempenda mpishi. Mboga nilizipenda baadaye, tukiwa tumeshaoana, siku moja ambayo hukupika kwa sababu ya homa nami nikagundua kwamba nyama peke yake hainitoshi tena.

Ulipohamia Lodwar ulikuja na magunia matupu. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kalokol kukuona, akadhani umeleta mizigo ya nguo. Wewe ukayajaza mchanga na samadi, ukayapanga kando ya ua, ukatoboa matundu na kupanda lengalenga, kunde na matembele. Maji uliyooshea mboga ndiyo uliyomwagilia mboga. Maji uliyonawishia Akiru mikono nayo yalikwenda hukohuko. Majirani walipita wakitikisa vichwa. Kwao ugali wa mtama ni chakula cha mwaka wa shida, chakula cha msaada, na mtu aliye na kazi hula unga mweupe ili watu wajue ana kazi. Wewe ulikuwa ukisema unga mweupe umeondolewa kila chenye faida, ukabaki na weupe tu. Ulikuwa ukilisema kwa sauti kubwa, mlangoni, na mimi nilikuwa nikitamani ardhi inimeze.

Lakini tulikula vizuri, mke wangu. Jioni nikirudi na mikono imejaa masizi ya chuma, nilikuwa nasikia mchi wako ukitwanga karanga kabla sijafika getini. Akiru mgongoni mwako, maharagwe yaliyoloweshwa tangu alfajiri yakichemka taratibu, na wewe ukiimba kitu cha Kirundi ambacho hukuwahi kunitafsiria chote. Samaki mkavu wa Kalokol ulikuwa ukimvunjavunja ndani ya majani ya maboga, kidogo tu, kutia harufu. Uji wa wimbi asubuhi. Mahindi mazima na maharagwe siku za Jumamosi. Sikuwahi kukuambia kwamba hicho ndicho nilichokiita nyumbani. Nilidhani unajua, na pengine ulijua.

Kisha mwaka juzi ukaugua. Ugonjwa ulikuja haraka ukaondoka na wewe haraka, na sina nguvu ya kuandika zaidi ya hapo.

Nitakuambia tulivyoishi baada yako, maana hukuona. Jiko lako sikuligusa. Nilikuwa nalipita kwa mbali kama mtu anayekwepa mbwa. Watoto niliwalisha vya kununua: chapati na chai asubuhi, chipsi mchana, jioni ugali mweupe na mchuzi wa nyama kutoka hoteli ya jirani, na soda ili wasilie. Walishiba. Akiru hakulalamika, na hilo lilinitia hofu kuliko kama angelalamika. Irakoze, ambaye ulimwacha ndiyo kwanza ameanza kutembea, alianza kuwa mwepesi mkononi. Nywele zikawa laini na kukosa rangi. Akawa hachezi, anakaa tu kivulini na kutazama kuku.

Nilimpeleka kliniki. Muuguzi akamfunga utepe ule wa kupima mkono, ukasimama kwenye manjano. Akaniambia mtoto anajaza tumbo tu, anahitaji mboga, maharagwe na uji wa nafaka isiyokobolewa. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Mama yake yuko wapi, nimweleze vizuri?" Nikamwambia anieleze mimi. Alinieleza, lakini macho yake yalikuwa yakitafuta mwanamke nyuma yangu.

Habari za utepe wa manjano zilifika Kalokol kabla mimi sijafika nyumbani. Mama akaja. Unamjua mama, hazunguki kama mimi. Aliketi, akampakata Irakoze, akamshika mkono palepale muuguzi alipopima, akasema kwa Kiturkana cha watu wa ziwani:

"Watoto watakuja kwangu. Hii nyumba haina moto."

Unajua maana yake kwetu. Nyumba ni ya mwanamke, moto ni wa mwanamke. Mwanamume aliyebaki peke yake ana ua, ana mifugo, ana jina, lakini moto hana, na watoto hawalelewi kwenye ua. Mama hakusema hivyo kunidhalilisha. Anawapenda wajukuu wake, na Kalokol hakuna njaa, samaki wapo. Lakini nilijua wakienda hawatarudi. Mtoto akilelewa na bibi huwa wa bibi. Mimi ningekuwa mgeni wa sikukuu, nabeba sukari na biskuti, nauliza wako darasa la ngapi. Na Irakoze, ambaye jina lake ulimpa kwa lugha yenu, angekua bila mtu wa kumwambia kwamba maana yake ni Mungu ashukuriwe.

"Mama, nipe mpaka shule zifungwe," nikasema.

"Utafanya nini mpaka shule zifungwe?"

"Nitapika."

Akasema sawa, shule zikifungwa atakuja kuwachukua. Hakusema atakuja kuona kama atawachukua. Alisema kuwachukua.

Siku iliyofuata nilichuma lengalenga kwenye magunia yako, ambayo Akiru alikuwa ameendelea kuyamwagilia bila kuambiwa na mtu. Sasa mimi ni mtoto wa wafugaji. Kitu ninachojua kuhusu sufuria ni kwamba chakula huiva kwa kuchemka, na kadiri kinavyochemka ndivyo kinavyolainika, ndivyo supu inavyokuwa nzuri. Nikabandika lengalenga asubuhi. Nikawa nachomelea geti la mteja uani, naenda kuongeza maji, narudi kwenye geti, naenda kuongeza makaa. Niliichemsha kama mguu wa beberu mzee, mpaka Akiru akarudi kutoka shule. Nilipofunua, kilichokuwa ndani kilifanana kabisa na kile tunachomwaga tukipasua utumbo wa mbuzi.

Akiru akachungulia. Kisha akasema, "Baba, hii umepika ama umeiadhibu?"

Tulicheka, Mama Akiru. Tulicheka mpaka Irakoze naye akacheka bila kujua kinachochekesha, na hicho ndicho kilichokuwa kicheko cha kwanza ndani ya nyumba ile tangu uondoke. Tukala mkate na maziwa. Usiku nikajua ninachopaswa kufanya, na nilikiogopa.

Nilikwenda Kalobeyei, kule kwenye makazi ya wakimbizi, kwa mama yako.

Sasa wewe unajua ugumu wake. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja kwenye moto, hawali pamoja, hata kutazamana sana si adabu. Kwenu mambo ni hayohayo. Mimi mkwe, na ndevu zangu, nisimame mlangoni kwa mama aliyenizalia mke, niseme nifundishe kupika? Nilipiga moyo konde nikasema, nikiangalia miguu yangu. Nikasikia mama yako anajifuta machozi na upande wa kitenge. Halafu akasema:

"Mukwe wangu, hatuwezi kaa jikoni pamoja, ile haikubaliki. Wewe ingia ndani. Mimi nitakaa hapa inje."

Ndivyo alivyonifundisha. Mimi ndani ya jiko lake la mabati, yeye nje kwenye mkeka, ukuta katikati yetu, miguu yake ikionekana chini ya bati. Alikuwa ananusa na kusikiliza, basi.

"Kitunguu iko namna gani?"

"Kinaanza kuwa na rangi, mama."

"Tia nyanya. Hapana maji! Minasikia unachukua kikombe. Acha maji, majani iko na maji yake."

Nikauacha ule mkono hewani. Alikuwa amesikia kikombe kikigusa ndoo.

"Sasa tia majani. Geuza. Geuza tena. Usifunike, itakuwa nyeusi. Haya, imetosha, shusha."

"Mama, lakini haijaiva, bado ni ya kijani."

"Ndiyo vile inatakiwa ikuwe! Shusha, mukwe. Shusha!"

Watu wa mitaa ile walikuja kusimama kuangalia mwanamke mzima akiupigia ukuta wa bati kelele. Wakongomani wa nyumba ya pili walileta viti. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, na kila mara nilirudi Lodwar na kitu. Alinifundisha kulowesha mtama hadi uanze uchachu kidogo, kuuanika, kuupeleka mashineni na kumkataza kabisa mwenye mashine kuukoboa. Alinifundisha kumwaga maji ya kwanza ya maharagwe. Alinifundisha kutwanga karanga na kuzitia mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga bila kuzungumza na mtu. Kuna siku nilifanya kila kitu sawasawa, na kwa upande wa pili wa bati kukawa kimya. Nikauliza, "Mama, nimekosea?" Akasema, "Hapana. Inanukia kama ya yule mtoto wangu." Nikaendelea kukoroga.

Ninataka ujue jambo hili. Nilidhani nikiligusa jiko lako nitaumia, ndiyo maana nililikwepa. Ni kweli niliumia. Harufu ya kitunguu peke yake ilinifanya nitoke nje mara kadhaa nikajifanya naangalia jenereta. Lakini nilipokuwa sipiki uliniacha kabisa, na nilipoanza kupika ukawa unarudi kidogokidogo. Nikikata majani nakumbuka ulivyokuwa ukiyakunja pamoja mkononi kabla ya kisu. Nikimsikia Akiru akitwanga, moyo wangu hunidanganya kidogo, nami huuacha unidanganye. Watoto wanauliza habari zako wakiwa mezani, na mimi sasa naweza kujibu. Irakoze hakukumbuki, lakini anajua kwamba ulikuwa ukila ukoko wa ugali wa kwanza kabla ya mtu yeyote, na sasa anaudai yeye kama urithi wake.

Mwili wake umerudi. Muuguzi alipomfunga utepe mwishoni mwa muhula ulisimama kwenye kijani, akaupima tena ili awe na uhakika. Nywele zimekolea. Anakimbia, anapigana, anatukana kuku kwa lugha nne. Nilimpigia mama simu kumweleza habari za utepe wa kijani. Akasema vizuri, atakuja Jumamosi.

Hapo nikaanza kupanga. Mama haji kwa mtoto wake akapewa majani, hilo hata wewe uliyekuwa ukibishana na kila mtu ulilijua. Mzazi huchinjiwa. Nilikuwa na beberu niliyekusudia kumchinja Ijumaa jioni, nikawa nimemwambia mwenye duka aniwekee mchele mzuri na unga mweupe. Nilitaka mama ale akashiba, aone nyumba ina mtu. Akiru alikuwa amekunja nguo zake na za mdogo wake, akazitia kwenye mfuko na kuuweka nyuma ya mlango. Nilipouona nilitoka nje nikachomelea kitu kisichohitaji kuchomelewa.

Alhamisi mchana nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko, mwiko mkononi, ugali wa mtama unachemka, Irakoze pembeni anachambua kunde. Nikasikia lori la samaki likisimama nje.

"Ejok!" sauti ya mama ikasalimu kwa Kiturkana, na kabla sijasimama alikuwa ameshaingia uani.

Nilitamani kuificha sufuria nyuma yangu, lakini sufuria ya moto utaificha wapi? Nikaanza kusema maneno kwa haraka, kwamba beberu yupo, kesho ningechinja, mchele umeshalipiwa, angenipigia simu ningejitayarisha.

"Najua," akasema. "Ndiyo sababu nimekuja leo. Sufuria ya wageni hata mtu mvivu anaipika. Nimekuja kuona ile ya siku ambayo hamna wageni."

Akavuta kigoda, akaketi. Nikapakua. Nilijua kwamba kila kitu kiko ndani ya sahani ile: watoto wangu, nyumba yangu, na jioni zangu zote zitakazokuja. Na ndani ya sahani kulikuwa na ugali wa rangi ya udongo, maharagwe na majani.

Mama akamega ugali. Hakuuchovya. Aliunusa, akautia mdomoni, akatafuna taratibu. Akamega tena. Uso wake ulibadilika, nikadhani ugali umemkwama.

"Huu mtama umeloweshwa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na haukukobolewa."

"Haukukobolewa."

"Mtama wenu si ule wa magunia ya msaada?"

"Hapana, mama. Wa kina mama wanaolima kando ya mto Turkwel. Mke wangu alikuwa akiununua kwao tangu alipokuja hapa."

Akaweka sahani chini. Akaanza kunisimulia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwake maisha yangu yote. Alipokuwa msichana, huko Kerio, mto ukishafurika na kurudi, mama yake na wanawake wengine walikuwa wakipanda mtama kwenye tope kabla halijakauka. Walikuwa wakiulowesha, wakiusaga kwa jiwe pamoja na ganda lake, na ugali wake ulikuwa na uchachu huu huu. Kisha ikaja miaka mibaya, mashamba yakaachwa, ukaja unga wa magunia, na yeye akakua akaolewa ziwani akaamini kwamba chakula kile kimekwisha duniani. Kila alipokuja kwetu ukamwekea ugali wa mtama, aliukataa kwa kuwa alidhani unampa mabaki ya kambini. Unakumbuka alivyokuwa akiisogeza sahani kando, akasema hana njaa? Unakumbuka ulivyokuwa ukiuma ulimi, wewe usiyeweza kunyamaza?

"Kumbe yule msichana alikuwa ananipikia chakula cha mama yangu," mama akasema, "na mimi nakikataa."

Akalia, Mama Akiru. Mama yangu, ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika baba, alilia kwenye kigoda mbele ya jiko lako.

Irakoze, ambaye hana subira na machozi ya watu wazima, akachukua kijiko akamrundikia kunde kwenye sahani. "Bibi, kula mboga pia. Usipokula mboga huongezewi."

Mama akatazama yale majani. Akafumba macho akayameza kama mtu anayemeza dawa ya malaria. Kisha akafungua jicho moja. "Si mabaya sana," akasema. Hajasifu zaidi ya hapo mpaka leo, usitarajie miujiza.

Alikaa nasi siku kadhaa. Beberu hatukumchinja, mama alikataa mwenyewe. Alitaka kila siku aone inapikwa nini, na mimi nikapika kama ambavyo hupika: leo matembele na maharagwe, kesho mahindi na kunde kavu, asubuhi uji wa wimbi. Alinisahihisha ugali mara moja tu, akisema mama yake alikuwa akiusonga kwa kuelekea upande mmoja. Asubuhi aliyokuwa akiondoka, Akiru akatoka na ule mfuko, akausimamisha mlangoni, macho chini.

"Wa nani huo?" mama akauliza.

"Wetu, bibi. Mimi na Irakoze. Si tunaenda?"

"Mnaenda wapi? Nani atamwagilia hayo magunia?"

Akiru aliuangusha mfuko akamkumbatia bibi yake kiunoni, mkumbatio wa mtoto mdogo ambao sikuwa nimeuona tangu msiba. Mimi nilikwenda kuangalia jenereta.

Na sasa habari yenyewe. Jana lori la samaki lilisimama tena getini, na dereva akateremsha mbuzi jike mwenye maziwa, mweupe, sikio moja jeusi, kamba shingoni. Nikamuuliza dereva mbuzi ni wa nani. Akasema mama yangu amemwagiza aseme neno kwa neno: huyu si wa Baba Akiru, na si wa watoto. Ni wa mke wa nyumba hii.

Unajua kwetu bibi arusi akiingia nyumbani, mama wa mume humpa mnyama wa kukamua, awe wake, alishe kwa maziwa yake watu wa moto wake. Kwa kumpa huyo mnyama humwambia wewe ni mke hapa. Wewe hukupewa. Miaka yote ile hukupewa, na hukuniuliza hata mara moja kwa nini, nami niliona ukiwaangalia wake za ndugu zangu wakikamua wa kwao.

Umepewa. Amefika, yuko uani, na Akiru amemkamua leo asubuhi kwa mara ya kwanza, tukatia maziwa yake kwenye uji wa wimbi. Kila jirani aliyepita na kuuliza mbuzi yule mzuri ni wa nani, nimemtajia jina lako.

Pumzika, mpenzi wangu. Mama amekukaribisha nyumbani.

Mume wako,
Baba Akiru